Lekcha za saa moja asubuhi: niendelee kuingia, au nibaki kwenye kibanda cha wakala?

Binti wa Kiboriloni

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari za leo. Naombeni ushauri, na atakayejibu naomba ajibu kama anamjibu mdogo wake.

Nipo mwaka wa pili, nasoma uhasibu kwenye chuo kimoja hapa Moshi. Naishi Kiboriloni kwa dada yangu. Dada ana kibanda cha wakala wa kutuma na kutoa pesa, njia ya kuingilia sokoni. Ana mtoto wa miezi minne, kwa hiyo asubuhi kibanda ni changu. Na asubuhi ndiyo kuna hela: watu wa mitumba wanakuja kuweka mauzo ya jana kabla hawajafungua mabelo. Ikifika saa nne pilika zimeshatulia.

Jumatatu na Jumatano nina kipindi cha ukaguzi wa hesabu, saa moja mpaka saa tatu. Tuko zaidi ya 300 kwenye ukumbi mmoja. Mwalimu anaingia, anawasha projekta, anasoma slaidi moja baada ya nyingine, anaondoka. Jioni CR, yaani mwakilishi wa darasa, anazirusha slaidi zile zile kwenye kundi la WhatsApp. Nikikaa nyuma hata hicho anachosoma sikisikii, na nikitaka kiti cha mbele lazima nitoke nyumbani saa kumi na moja na nusu. Nauli mia sita kwenda, mia sita kurudi.

Kinachonichanganya zaidi ni matokeo. Semista iliyopita kuna kozi sikuingia hata nusu ya vipindi. Nilisoma slaidi na mitihani ya miaka ya nyuma, nikapata B+. Nyingine sikukosa hata siku moja, nikapata C. Sasa najiuliza, kule ukumbini nafuata nini?

Mkopo nimepewa wa asilimia, siyo wote. Kamisheni ya kibanda ndiyo inayomalizia ada, na humo humo namtumia mdogo wangu aliye kidato cha tatu. Rafiki yangu ameshanisainia mahudhurio mara tano. Hilo la kusainiwa linaninyima raha, nalisema wazi. Nifanyeje?

Umeme Njiro

Dada pole na majukumu. Mimi nipo Arusha, mwaka wa tatu, nasoma umeme.

Hesabu za mwaka wa kwanza nilijifundisha mwenyewe. Mwalimu alikuwa anajaza ubao huku ametupa mgongo, sisi tunanakili, ukiuliza anakuambia rudi ukasome. Nikachukua kitabu maktaba, nikawa nakaa nacho kila usiku saa mbili, swali likinishinda natafuta video. Nilipata A. Waliokuwa wananakili ubao kila siku wengi walisapu, yaani walifeli wakarudia mtihani. Kwa hiyo sikubali kwamba kukaa ukumbini ndiyo kusoma.

Lakini maabara sijawahi kukosa. Kwamba ukibadilishana nyaya mbili za mota ya fezi tatu inazunguka kinyume nilikuwa nimelisoma mara nyingi. Siku nilipozibadilisha kwa mkono wangu ndipo likaniingia.

Ushauri wangu: kozi inayosomeka kitabuni isome kitabuni, nguvu uzipeleke kwenye vile visivyosomeka. Ila rafiki asikusainie tena. Akikamatwa mtaitwa wote wawili, na yeye hana kosa isipokuwa kukupenda.

Mama wa Ndizi, Mbuyuni

Mwanangu, mimi chuo sijasoma, hapa ananiandikia binti wa jirani. Nauza ndizi Mbuyuni mwaka wa kumi na tisa huu. Kijana wangu alikuwa anatoka nyumbani na begi kila asubuhi, na mimi namwekea nauli mezani. Tulikuja kujua ameshadisko, yaani chuo kimeshamwondoa kwa kufeli, wakati barua imekaa kwenye begi lile lile miezi miwili. Mwanangu, ada nilishaisamehe siku nyingi. Kilichobaki kinaniuma ni zile asubuhi zote nilizokuwa namwambia nenda salama.

Wewe umesema ukweli kwa watu usiowajua. Sasa mwambie na dada yako. Mwambie kwamba kibanda chake kinakula vipindi vyako. Huenda hajui.

Mhasibu wa Kahawa

Mdogo wangu, kozi uliyoitaja ndiyo iliyonifanya niandike, maana ndiyo niliyoitoroka mimi. Siku zile nilikuwa nauza viatu vya mtumba pale Memorial, na kipindi kilikuwa Jumatatu asubuhi. Nilikuwa na sababu kama zako, nyingine nzito kuliko zako. Slaidi nilikuwa nazo zote. Nilipata B. Nilijiona nimeshinda kwa akili.

Miaka miwili baadaye nilikuwa kijana mpya katika timu ya ukaguzi, nikatumwa kwenye chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, upande wa juu mlimani. Kazi niliyopewa ilikuwa ghala. Kulikuwa na kahawa iliyokwisha kumenywa na kuoshwa, ile ambayo bado ina ganda lake jembamba la ndani, inasubiri kupelekwa kukobolewa mjini. Leja ya mapokezi ilisema kilo 3,200. Nikapima gunia moja moja, mizani ikanipa kilo 3,051. Pungufu kilo 149. Nikarudia kupima, ikaja ile ile.

Mtunza stoo alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, amekaa na funguo zile tangu mimi sijaanza shule. Nikamuuliza kilo 149 zimekwenda wapi. Akasema, "Zimekauka." Nikaona ananifanya mtoto. Akaenda akaniletea daftari la shule lenye jalada limechanika, humo ameandika kwa penseli tarehe, kilo, na pembeni namba nyingine ndogo ndogo: 16, 15 na nusu, 17, 16. Sikujua ni namba za nini. Sikumuuliza. Niliandika kwenye taarifa yangu ya awali kwamba kuna upotevu wa mali na maelezo ya mhusika hayaridhishi. Bodi ya chama ilipoisoma ikamsimamisha.

Alikaa nyumbani wiki tatu. Kule kijiji ni kimoja, kanisa ni moja, na kahawa ile ni ya watu wote. Nilikuja kuambiwa kwamba Jumapili ya pili hakwenda ibadani, na hakuwa mtu wa kukosa.

Mkubwa wangu wa kazi alipopanda kuhakiki taarifa yangu, alifungua lile daftari kabla ya leja. Akakaa nalo na kalikuleta kama robo saa. Zile namba ndogo zilikuwa za kipima unyevu. Msimu ule mvua ilichelewa kuacha, wakulima walileta kahawa haijakauka vizuri, ina unyevu wa wastani wa asilimia 16. Mzee aliipokea ili isiozee majumbani mwao, akaianika upya kwenye vichanja vya chama mpaka ikashuka kwenye 12, ndipo akaifunga magunia. Maji yalitoka, uzito ukatoka nayo. Kilichobaki bila maelezo kilikuwa kilo tatu na kidogo, na hizo ni za sampuli na zilizomwagika. Aliyeiokoa kahawa ya kijiji ndiye niliyemwandika kama mwizi.

Mkubwa wangu hakunifokea. Aliniuliza tu, "Hili hamkufundishwa?" Nikamwambia hapana, kwa moyo wote, kwa sababu niliamini hatukufundishwa.

Usiku nilifungua zile slaidi kwenye kompyuta. Mada ya ghala ina mistari minne. Mmoja unasema: hakiki bidhaa kwa kuzihesabu au kuzipima. Basi. Nikasema ningejuaje? Kesho yake nikampigia mwenzangu mmoja ambaye hakuwa anakosa vipindi, sasa yuko benki. Nikamwomba apige picha notsi zake za mada ile. Alikuwa bado anazo kwenye kabati kwa mama yake, Mungu ambariki. Kwenye ukingo wa karatasi, pembeni ya mistari ile minne, ameandika kwa mwandiko wake: "Kahawa, mahindi, korosho: uliza unyevu kabla ya kuuliza wizi."

Mwalimu alisema. Alisema Jumatatu ile, akiwa amesimama kati ya slaidi moja na nyingine, akasimulia ghala alilowahi kulikagua yeye mwenyewe. Hakuiandika popote, na mtihani haukuuliza unyevu. Ndiyo maana nilipata B.

Kwa hiyo ukiniuliza pale ukumbini unafuata nini, nakujibu kwa kilichonipata. Slaidi imeandikwa kwa ajili ya mtihani. Kazi yenyewe mara nyingi iko kwenye maneno mwalimu anayoyasema akiwa ameiacha slaidi. Hayo CR hawezi kuyarusha kwenye kundi.

Nilipanda kwenda kumwomba mzee msamaha. Mimi siyo Mchaga, natokea Singida, kwa hiyo mkubwa wangu ndiye aliyenielekeza: chukua isale, jani ambalo Wachaga huombea msamaha, maana anayeletewa isale hakatai kusamehe. Nikakata jani kwenye ua wa jirani yake kwa ruhusa, nikalishika kwa mikono miwili. Maneno niliyoyaandaa yote yalinipotea. Mzee alilipokea, akaliweka mezani kando ya mizani, akaniuliza kama nimekula. Baadaye akanitolea kile kipima unyevu, akanionyesha unavyojaza punje, unavyosoma, na kwa nini usipime kahawa ikiwa bado ina joto la jua. Bodi ilikuwa imeshamrudisha kazini. Lakini wiki tatu hazirudi.

Najua hali yako ya hela, nimeipitia. Sikuambii ufunge kibanda. Nakuambia kozi hii moja, ukaguzi, usiitoroke. Kosa kipindi kingine.

Umeme Njiro

Kaka hii imenigusa. Lakini niulize kwa heshima: mwalimu wako alikuwa na hadithi ya ghala. Huyu wa dada anasoma slaidi na kuondoka. Akienda atapata nini?

Mhasibu wa Kahawa

Swali la haki, mdogo wangu. Nilimuuliza hilo hilo yule mwenzangu wa benki. Akaniambia mwalimu hakuianza hadithi ile mwenyewe. Kuna dada mmoja alinyoosha mkono akauliza, "Na kama mzigo wenyewe unapungua bila mtu kuugusa?" Baba yake alikuwa ananunua mahindi. Mwalimu akaweka rimoti chini.

Mwalimu wa Usa

Habari zenu. Nafundisha chuo, mkoa wa Arusha, mwaka wa 14 sasa. Ninayesemwa hapa ningeweza kuwa mimi, kwa hiyo naomba nijibu.

Ni kweli tunasoma slaidi. Darasa la watu 300 halioni uso wa mtu zaidi ya safu ya tatu. Kuna siku naingia nimejiandaa na mfano mzuri, naangalia ukumbi, robo tatu wako kwenye simu na viti vya mbele vitupu, nguvu inaniisha, nasoma nilichoandika nakwenda. Hilo ni kosa langu. Ila nataka mjue linatokeaje, na kwamba mtu mmoja akiuliza kitu cha maana kipindi kizima kinageuka. Huyo binti wa mahindi namwamini kabisa, nimeshakutana na wa aina yake.

Utafiti nao unasema mambo mawili ambayo wanafunzi hupenda kutaja moja tu. Mwaka 2010 Credé na wenzake wawili walikusanya tafiti nyingi kuhusu mahudhurio ya wanafunzi wa vyuo, wakakuta mahudhurio yanaendana na matokeo kuliko hata alama mtu alizoingia nazo chuoni. La pili ni la 2014: Freeman na wenzake walilinganisha tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati, wakakuta wanaokaa kusikiliza tu wanafeli mara moja na nusu zaidi ya wanaofundishwa kwa kushirikishwa. Kwa hiyo Njiro ana hoja kuhusu ubao, na bado waliohudhuria huwa wanafanya vizuri kuliko wasiohudhuria. B+ yako moja, binti yangu, usiijengee nyumba.

Halafu kuna jambo wanafunzi wengi hawaambiwi. Kwa mfumo wetu krediti 1 ni saa 10 za kujifunza. Kozi ya krediti 12 ni saa 120, na lekcha ni sehemu tu ya hizo. Zilizobaki ni zako mwenyewe, semina na kazi za vikundi. Aliyeingia kila kipindi akapata C nadhani alitoa saa za ukumbini, zile nyingine hakuzitoa. Jichunguze kama siyo wewe.

Kuhusu kusainiwa: vyuo vingi vinadai asilimia 75 ya mahudhurio ndipo uruhusiwe kufanya mtihani wa mwisho wa semista. Najua ndiyo inayowasukuma kusainiana. Acheni. Mwanafunzi aliyekuja ofisini kwangu akaniambia "Mwalimu, asubuhi natafuta ada" sijawahi kumfukuza. Mwaka jana mmoja wa namna hiyo nilimhamishia kundi la semina la jioni, na nikawa namwambia mapema siku zipi nina mifano mizito ili azipe kipaumbele. Lakini nikikuta saini mbili zenye mkono mmoja, hapo mlango wa kuongea unakuwa umeshafungwa, na siyo mimi peke yangu ninayeamua.

Nenda kwa mwalimu wako kabla ya wiki hii kuisha. Usiende na barua. Nenda na swali la somo lake, halafu ndiyo umweleze hali yako.

Binti wa Kiboriloni

Nimesoma yote, mengine nimesoma nikiwa kibandani nikaomba wateja wanisubiri kidogo. Asanteni sana. Mama wa Mbuyuni, nitakutafuta nije nikusalimie, soko lenyewe siyo mbali.

Jana usiku nimeongea na dada. Hakuwa anajua. Alidhani vipindi vyangu vyote ni vya mchana, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia hivyo alipojifungua, nisimtie wasiwasi. Alikaa kimya muda mrefu. Tumekubaliana Jumatatu na Jumatano afungue mke wa kaka mwenye duka la pembeni, tumgawie nusu ya kamisheni ya asubuhi hizo. Nimepiga hesabu, itaniuma kiasi, nitafidia Jumamosi.

Rafiki yangu nimeshamwambia asinisainie tena. Alifurahi kuliko nilivyotegemea, kumbe na yeye alikuwa anaogopa na hakujua aniambieje.

Kwa mwalimu nitakwenda Alhamisi. Swali ninalo. Pale kibandani jioni daftari linaniambia nina laki kadhaa taslimu na salio la kwenye simu ni kadhaa, na vikijumlishwa havilingani na mtaji tulioanza nao asubuhi, ingawa hakuna aliyeiba. Huwa ni kamisheni haijaingia, au muamala uliorudishwa. Nataka kumuuliza mkaguzi anatenganishaje hayo na wizi.

Ila kaka Mhasibu, kuna kitu sijaelewa. Unyevu umeshuka kutoka 16 mpaka 12, ni asilimia 4. Asilimia 4 ya 3,200 ni 128. Wewe umesema zilizobaki bila maelezo ni kilo tatu tu. Mbona kwangu zinabaki 21?

Mhasibu wa Kahawa

Umefanya kosa zuri, na hata mimi mkubwa wangu alinikuta nalo. Usikate asilimia 4 kwenye uzito wote. Maji yanapotoka, kahawa kavu iliyomo ndani haipungui. Anza na hiyo.

Kilo 3,200 zikiwa na unyevu wa 16, kahawa kavu ni asilimia 84. Hiyo ni kilo 2,688, na haibadiliki. Ikikauka mpaka 12, zile 2,688 sasa ndizo asilimia 88 ya mzigo. Gawa 2,688 kwa 0.88, unapata 3,054 na nusu. Mimi nilipima 3,051. Toa uone.

Na hilo swali la kibanda liandike kama ulivyoliandika hapa, usilipambe. Ukitoka kwa mwalimu Alhamisi njoo utuambie alijibu nini, na mimi nataka kujua.